Namna ya Kuiuliza Seli Jina Lake Bila Kudanganywa

Ukitaka kuzua mabishano katika maabara ya misuli, huna haja ya kumtukana mtu. Bandika ukutani picha yenye nukta moja ya kijani kisha utangaze, "Hii hapa ni seli tangulizi ya msuli." Mmoja atakuuliza kingamwili gani umetumia. Wa pili atauliza nukta hiyo iko ndani ya kiini au pembeni. Wa tatu, yule mkimya wa kona, atauliza kama ni nyama ya panya au ya binadamu, na hapo ndipo jasho litakapokutoka. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kumjibu hata huyo wa kona.

Anza kwa kumjua unayemtafuta. Uzi wa msuli uliokomaa ni seli moja ndefu yenye viini mamia kwa mamia, na viini hivyo havigawanyiki tena. Msuli ukichanika, ukarabati hauanzii kwenye uzi wenyewe. Unaanzia kwenye seli tangulizi, ndogo, zilizojibanza ubavuni mwake. Aliyeziona na kuzipa jina ni Alexander Mauro, mwaka 1961, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, alipokuwa akichunguza msuli wa mguu wa chura kwa hadubini ya elektroni. Aliziita seli setilaiti kwa kuwa ziliuganda uzi wa msuli kama vile zinauzunguka. Tuzingatie jambo moja hapa: Mauro hakupaka protini yoyote. Alizitambua kwa mahali zilipo, kati ya utando wa uzi wenyewe na ule utando wa nje unaoufunika kama soksi, unaoitwa utando wa msingi. Mwaka huohuo Bernard Katz naye alieleza seli za namna hiyo katika msuli wa chura.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe ni wapi inapokaa, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ndilo linalorukwa zaidi. Kila maabara ina mtafiti mmoja mwenye kingamwili moja, picha moja na jina tayari mfukoni. Hana subira ya kuangalia nukta yake imekaa upande gani wa utando. Usiwe yeye.

Chukua msuli wa mguu wa panya, ule wa mbele ya muundi. Ugandishe ghafla kwenye isopenteni iliyopozwa kwa naitrojeni kimiminika, kisha uukate vipande vyembamba visivyozidi mikroni 10. Paka laminini rangi nyekundu ili utando wa msingi uonekane. Paka distrofini rangi nyingine ili uone mpaka wa uzi wenyewe. Vipe viini vyote rangi ya buluu. Ukiinamia hadubini utaona duara nyekundu zimebanana, kila moja ni uzi uliokatwa kwa upana, na viini vya buluu vimetapakaa pembezoni. Vingi vitaonekana sawa kabisa. Kimoja kiko ndani ya distrofini: hicho ni kiini cha uzi. Kingine kiko nje ya wekundu wa laminini: hicho ni cha mshipa wa damu, au cha seli ya kinga, au cha tishu unganishi. Unachokitafuta kimebanwa katikati, laminini juu yake na distrofini chini yake, katika upenyo mwembamba kiasi kwamba ukikuza picha kidogo tu hutauona. Katika panya mzima, viini vya namna hii ni takriban asilimia 2 hadi 7 ya viini vyote vya nyuzi. Ukijikuta umehesabu asilimia 40, usikimbilie kuandika makala. Rudi kwenye slaidi.

Sasa leta protini ya kwanza, Pax7. Hii hukaa ndani ya kiini na kazi yake ni kuwasha na kuzima jeni nyingine. Mwaka 2000 kundi la Michael Rudnicki nchini Kanada lilionyesha kwamba seli setilaiti zina Pax7, na kwamba panya waliozaliwa bila jeni hiyo wanapokua misuli yao huwa karibu haina seli hizo kabisa. Mwaka 2011 makundi kadhaa ya watafiti yaliua seli zenye Pax7 katika panya wazima kisha yakaijeruhi misuli yao. Misuli haikujirekebisha. Ushahidi wa namna hiyo ni mzito, na ndiyo maana ukimuuliza mtu wa misuli protini anayoiamini kuliko zote, atakutajia Pax7 kabla hujamaliza swali.

Kingamwili ya Pax7, yaani protini inayoinasa Pax7 ili ionekane, inayotumika zaidi duniani hutengenezwa na seli za panya, na hifadhi ya Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani huigawa kwa watafiti kwa bei nafuu. Ni kingamwili nzuri. Ubaya wake ni kwamba imetoka kwa panya, na wewe unaipaka kwenye nyama ya panya. Kingamwili ya pili, ile inayobeba rangi, imefundishwa kushika kingamwili yoyote ya panya, nayo haijui ipi umeileta wewe na ipi ilikuwa ndani ya mnyama siku zote. Mahali msuli ulipojeruhiwa, mishipa huvuja na damu huacha kingamwili zake humo. Basi utaona eneo lote la jeraha linawaka kijani, hasa pale ulipotarajia seli tangulizi zijazane, na moyo utakudunda kwa furaha. Kabla hujamwita msimamizi wako, tengeneza slaidi ya kulinganishia: fanya kila kitu vilevile ila usiweke kingamwili ya kwanza. Ikiwaka nayo, furaha imekwisha. Dawa yake ni kuziba mapema kingamwili za mnyama mwenyewe kwa vipande vya kingamwili vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kupasha slaidi kwenye maji yenye sitreti ili Pax7 ijitokeze vizuri. Baada ya hapo kubali tu ule ukijani unaokaa juu ya buluu ya kiini. Ukijani uliomwagika pembeni ya kiini si Pax7, hata ukipendeza namna gani.

Ukishaipata Pax7, bado hujui seli inafanya nini. Hapo ndipo MyoD inapoingia, na ina historia inayostahili kusimuliwa. Mwaka 1987, jijini Seattle, Robert Davis, Harold Weintraub na Andrew Lassar walichukua seli za tishu unganishi, ambazo hazina habari na msuli, wakaziingizia DNA ya jeni moja tu. Seli zikageuka kuwa za msuli. Jeni moja! Hakuna aliyekuwa ameonyesha kitu cha namna hiyo waziwazi hivyo. Jeni ile ndiyo MyoD, na ndani ya miaka michache ndugu zake watatu wakapatikana: Myf5, mayojenini na MRF4.

Sasa soma seli kwa kuangalia protini mbili au tatu kwa pamoja. Seli yenye Pax7 bila MyoD imelala. Inangoja, na inaweza kungoja hivyo kwa muda mrefu sana. Yenye Pax7 na MyoD kwa pamoja imeamka na iko njiani kugawanyika, na ukiongeza Ki67 utaona kama kweli imo katika mzunguko wa kugawanyika. Yenye MyoD huku Pax7 ikififia imeshachagua njia ya kuwa msuli. Mayojenini ikiwaka, seli inaacha kugawanyika na inajiandaa kuungana na wenzake. Ukiona minyororo ya mayosini imejaa ndani yake, acha kuiita tangulizi, imeshakuwa msuli. Kuna nyingine ambazo baada ya kuamka na kugawanyika huizima MyoD, zikabaki na Pax7 na kurudi usingizini. Hizo ndizo akiba ya jeraha lijalo. Kwa hiyo Pax7 bila MyoD leo haikuambii kama seli hiyo haijawahi kuamka au ilishaamka ikalala tena. Mwaka 2007 kundi la Rudnicki lilitumia panya ambao seli zao hubaki na alama ya kudumu pindi zinapowasha Myf5 hata mara moja, likaona kwamba kama seli 1 kati ya 10 zenye Pax7 haikuwa imewasha Myf5 wakati wowote. Kwa nje zilifanana na nyingine zote.

Kosa kubwa kuliko yote hufanyika kabla hata ya kupaka rangi. Mtafiti anataka seli zilizolala. Anaukatakata msuli, anauloweka kwenye vimeng'enya kwa nyuzijoto 37, anautikisa, anauchuja, anauzungusha kwenye mashine, na baada ya saa kadhaa anazipata seli zake, kisha anatangaza kwamba seli zilizolala huwa zimewasha jeni za taharuki. Hata wewe ungeamka! Mwaka 2017 makundi mawili ya watafiti yalilipima jambo hili kwa kuzihifadhi seli kwa kemikali, au kuwekea alama ujumbe wake wa RNA, kabla hazijatolewa kwenye msuli. Sehemu kubwa ya kilichodhaniwa kuwa tabia ya usingizi ilikuwa mwitikio wa kutolewa msulini. Ukiziacha kwenye sahani ya kuoteshea seli, ndani ya saa 24 karibu zote zitakuwa na MyoD. Kwa hiyo ukitaka kuiona seli iliyolala, ihifadhi kwa fomalini kwanza ndipo uitoe, au itazame ikiwa palepale katika kipande cha msuli.

Ukiwa bado unashughulika na usingizi, usichanganye protini na ujumbe wake. Mashine za kusoma RNA za siku hizi zitakuambia kwamba seli iliyolala ina ujumbe wa Myf5 na hata wa MyoD. Ni kweli, unao. Lakini ujumbe wa Myf5 umefungiwa ndani ya chembechembe za seli usisomwe, na ule wa MyoD huzuiwa na protini iitwayo Staufen1. Seli imeandaa barua na haijaituma. Ndivyo inavyoweza kuamka haraka bila kuanza kuandika upya. Anayetegemea RNA peke yake ataandika kwamba seli imeshaamka, anayetazama protini ataandika kwamba imelala, na watagombana mkutanoni hali kila mmoja ameona sawasawa.

Tatizo la Pax7 na MyoD ni kwamba zimo ndani ya kiini. Kuzifikia ni lazima uitoboe seli, na seli iliyotobolewa haina kazi tena. Ukitaka seli hai, za kuotesha au kupandikiza, itabidi utumie protini za juu ya ngozi yake, na huku ndiko wengi wanakopotea. Ukiita "Juma!" katikati ya soko la Kariakoo watageuka watu wengi, na kila mmoja ana haki ya kugeuka. CD34 ipo kwenye seli setilaiti za panya, lakini ipo pia kwenye seli za mishipa ya damu na kwenye zile za tishu unganishi zinazozalisha mafuta na makovu. Katika binadamu, seli setilaiti hazitambuliki kwayo hata kidogo. CD56 ndiyo nguzo kwa binadamu, ila ipo pia kwenye seli za neva, kwenye aina moja ya seli za kinga, na hata kwenye nyuzi za msuli zilizopoteza neva zake. Katika panya, CD56 huja seli ikiwa tayari inaelekea kuwa msuli, kwa hiyo ukiitumia kutafuta seli za panya zilizolala utabaki unashangaa. Yule mtu wa kona alijua kwa nini aliuliza swali lake.

Njia inayofaa ni kuchuja kwa kuondoa na kuchagua kwa pamoja. Kwa panya, ondoa kwanza zenye CD45, hizo ni za damu. Ondoa zenye CD31, hizo ni za mishipa. Ondoa zenye Sca1, humo wamo wale wazalishaji wa mafuta. Katika zilizobaki chagua zenye VCAM1, au zenye integrini ya alfa-7. Kwa binadamu ondoa CD45 na CD31, kisha chagua zenye CD56 na CD29 kwa pamoja. Ondoa pia zilizokufa, kwa rangi inayopenya seli mfu pekee, kwa sababu seli iliyokufa hunata na kingamwili yoyote inayopita karibu nayo. Na angalia kimeng'enya chako: tripsini hukata protini za juu ya seli, ikakuletea seli safi kabisa zisizo na kitambulisho.

Baada ya kuchuja, chukua sehemu ndogo ya seli ulizopata, zitoboe, uzipake Pax7. Hatua hii huchukua siku moja, na ajabu ni kwamba huachwa na watu waliotumia miezi kuandaa majaribio. Wale wazalishaji wa mafuta, watambulikao kwa PDGFRα, waliojulikana vizuri mwaka 2010, hukaa jirani kabisa na nyuzi, huongezeka msuli ukijeruhiwa na hukua haraka kwenye sahani. Wakijipenyeza wachache tu, baada ya wiki mbili utakuwa na sahani iliyojaa mafuta, huku ukiandika kwamba umegundua seli ya msuli inayogeuka mafuta.

Yote haya yangeweza kubaki mabishano ya watu wa maabara, kama si kwamba protini hizihizi ndizo zinazotumika hospitalini kuamua ugonjwa wa mtoto. Rabdomayosarkoma ni saratani ya seli zinazojaribu kuwa msuli na kushindwa. Ndiyo saratani ya tishu laini inayowapata watoto zaidi. Huweza kuota nyuma ya jicho, shingoni, kwenye kibofu. Chini ya hadubini, mara nyingi huwa ni seli ndogo za duara zenye kiini kikubwa cha buluu, na seli za namna hiyo zinafanana na za saratani nyingine kadhaa za watoto. Katika Afrika Mashariki, mtoto mwenye uvimbe wa taya au usoni anaweza kuwa na limfoma ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Kampala. Anaweza kuwa na nyuroblastoma. Anaweza kuwa na sarkoma ya Ewing. Dawa za magonjwa haya zinatofautiana, na kipande cha nyama kilichomo kwenye chupa ya fomalini ni kidogo kuliko ukucha.

Hapa daktari wa patholojia hupaka desmini, mayojenini na MyoD1, safari hii kwa rangi ya kahawia, na pembeni huweka CD20 au CD45 za limfoma. Desmini husema kuna tabia ya msuli, ila misuli laini ya utumbo na ya mishipa nayo ina desmini, kwa hiyo haitoshi. Mayojenini na MyoD1 ndizo za msuli wa mifupa, na ni lazima zikae ndani ya kiini. Kingamwili ya MyoD1 ina mazoea ya kupaka mwili wa seli kwa ukahawia hafifu uliosambaa, hata katika saratani zisizohusiana na msuli. Ukahawia huo hauhesabiki. CD56 nayo isimdanganye mtu, kwa kuwa nyuroblastoma inayo kwa wingi. Na Pax7, ile tuliyoisifu hapo juu kwa haki kabisa, huonekana pia katika sarkoma ya Ewing. Mtu aliyefundishwa kwamba Pax7 maana yake ni msuli anaweza kumpeleka mtoto kwenye matibabu ya ugonjwa asio nao.

Ikiwa ni rabdomayosarkoma kweli, mpangilio wa mayojenini una habari zaidi. Aina ya alveola huwa nayo katika viini karibu vyote, imekolea. Aina ya kiinitete huwa nayo hapa na pale. Aina ya alveola mara nyingi hubeba jeni mbili zilizokatika na kuungana, PAX3 au PAX7 na FOXO1, na kipimo cha muungano huo ndicho kinachothibitisha, kwa kuwa wagonjwa wenye muungano huo huhitaji matibabu makali zaidi.

Kuna mtego wa mwisho, nao unatokana na ile kazi njema ya seli setilaiti. Uvimbe wowote unaopenya kwenye msuli, hata kama ni limfoma, huziponda nyuzi zilizo karibu. Seli setilaiti huamka kuzitengeneza, zikawasha MyoD, kisha mayojenini, zikiwa zimechanganyika humohumo na seli za saratani. Kwenye slaidi utaona viini vilivyokolea kahawia katikati ya saratani, na kila kitu kitakuwa kimefanya kazi sawasawa: kingamwili ni nzuri, rangi iko ndani ya kiini, protini ni yenyewe. Zilizopakwa si seli za saratani. Tazama umbo la viini hivyo na jinsi vilivyojipanga: kama vimefuatana mstari kando ya vipande vya nyuzi kuukuu, au vimo ndani ya mirija midogo yenye mayosini, na vyote viko ukingoni uvimbe unapokutana na msuli, pima tena kwenye kipande cha katikati ya uvimbe, mbali na nyuzi zozote. Ikiwa kilichobaki ni cha ukingoni tu, mpigie simu daktari wa upasuaji, mweleze umeona nini na wapi, na umwombe kipande kingine kabla jina lolote la ugonjwa halijaandikwa kwenye faili la mtoto.